Maziwa ya Nyakundi

Wacha nianze kwa kujisifu, maana huku Birongo usipojisifu mwenyewe utasubiri kusifiwa siku ya mazishi yako, na hapo husikii kitu. Mimi Ratemo siogopi wafu. Nimewahi kuketi juu ya kaburi la mzee wa watu nikila ndizi mbivu, nikamuuliza kama ataonja. La pili, tangu nizaliwe sijawahi kukamatwa na uwongo. Nina kinyozi changu, duka la kunyolea, pale Keroka, na mtu anayeshinda ameweka wembe kwenye shingo za watu hujifunza kusema lolote bila uso kutikisika.

Sasa nikueleze jinsi nilivyojikuta kifudifudi kati ya mistari ya majani chai, kiatu kimoja mguuni na kingine sijui kiko wapi, nikimwomba marehemu msamaha kwa Kigusii.

Ilikuwa alfajiri. Ukungu wa kwetu saa hizo hauna adabu, unaingia mpaka ndani ya kola ya shati. Nilikuwa nakatiza shamba la kina Nyakundi, mfukoni nina chupa ya dawa ya tumbo, nikitafuta maneno mazuri ya kumwambia Bonareri kabla hajaenda kuchuma chai. Nikafika karibu na migomba. Ndipo nikasikia.

Chapu, chapu, chapu.

Ni sauti ya mtu anayekunywa kwa kiu. Na ilikuwa inatoka kaburini kwa Nyakundi.

Nyakundi alikuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza mpaka cha nne, yeye akinipa hesabu na mimi nikimpa vichekesho. Radi ilimchukua kwenye chai hii hii, mvua ya alasiri, kikapu kikiwa bado mgongoni. Alikuwa ameoa mwaka mmoja tu. Kaburi lake liko pembeni mwa nyumba, limepigwa saruji, na jina limeandikwa kwa kidole saruji ikiwa mbichi. Kidole chenyewe kilikuwa cha Bonareri, mke wake.

Na mimi ndiye ninayempenda mke wake.

Kwa hiyo unielewe. Mtu mwenye dhamiri safi angesema, ah, labda ni ndege. Mimi nilitoka mbio. Kiatu kikabaki kwenye matope, tumbo langu likatua chini ya chai, na mdomo ukaanza wenyewe: "Nyakundi, ndugu yangu, sijamgusa, naapa, hata mkono sijamshika vizuri, ni salamu tu..."

Chapu, chapu.

Ukungu ukapasuka kidogo. Juu ya kaburi kulikuwa na kikombe cha buluu, kile cha bati chenye ukingo uliobanduka rangi. Na ndani ya kikombe kulikuwa na kichwa kizima cha Meneja.

Meneja ni mtoto wa mbwa. Nilimleta boma hili mimi mwenyewe ndani ya sweta, kwa sababu Bonareri alikuwa amesema kwamba nyumba imekuwa kimya mpaka anasikia saa ya ukutani ikimeza mate. Nilimwita Meneja kwa jinsi alivyoingia akaanza kukagua kila kitu: jiko, ghala la mahindi, miguu ya kuku. Bonareri alicheka siku hiyo. Alicheka kwa nusu ya mdomo, kama mtu anayejaribu mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, na mimi nikarudi Keroka nikamnyoa mteja nywele zote ilhali alitaka kupunguziwa tu.

Lakini mama mkwe wake hakucheka. Jina lake ni Damaris, lakini kila mtu anamwita Mama Nyakundi mpaka leo, kwa hiyo kila anaposalimiwa jina la marehemu linaitwa pale mlangoni na hakuna anayeitika. Alinitazama, akamtazama mbwa, akanitazama tena.

"Ratemo, najua kinachokuleta hapa."

"Ni mbwa tu, mama."

"Mbwa hana haja ya kuletwa na mtu aliyejipaka manukato." Akakaza leso kiunoni. "Sikiliza. Boma hili limeona kifo cha kutosha. Huyu mbwa akifia hapa, wewe usikanyage tena. Hata salamu usitume."

Nilisema sawa. Nilidhani mbwa ni kitu kigumu.

Wiki haikuisha, Meneja akaanza kuhara. Si kidogo. Alikuwa anaendesha kama bomba lililopasuka, usiku na mchana, mkia umeganda, macho yameingia ndani. Daktari wa mifugo kutoka Keroka, Bwana Obwocha, akampa dawa ya minyoo. Akapata nafuu asubuhi moja, kisha akarudia. Tukabadilisha chakula. Akarudia. Kila asubuhi alikuwa mbaya zaidi, na kila asubuhi Mama Nyakundi alinitazama kama mtu anayepima kaburi dogo.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba mbwa mwenyewe alikuwa na tabia ya kwenda kuketi karibu na kaburi, masikio yamesimama, akimtikisia mkia mtu ambaye sisi hatumwoni. "Mbwa huona," Mama Nyakundi aliniambia siku moja, polepole, halafu akajifanya hajasema, kwa sababu yeye ni shemasi wa kanisa la Wasabato na kanisani kwao hufundishwa kwamba waliokufa wamelala, hawajui neno lolote.

Basi nikiwa pale chini ya chai, nilitaka kucheka. Nikasikia miguu. Meneja pia aliisikia, akateleza akapotelea migombani, tumbo limevimba kama mpira. Mama Nyakundi akatokea na ndoo ya kukamulia mkononi. Akachukua kile kikombe. Akakipindua. Halikudondoka hata tone.

"Umemaliza, mwanangu," akasema. "Asante."

Akafuta ukingo kwa ncha ya leso. Hakuondoka. Alisimama pale ameinamisha kichwa, kama unavyosimama nje ya chumba cha mtoto kusikiliza kama amelala, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona tangu siku ile ya radi. Ulikuwa umepumzika.

Hapo nikakumbuka. Nyakundi alikuwa mtu wa maziwa. Tangu utotoni mama yake akikamua, kikombe cha kwanza kilikuwa chake, kingali na povu, kabla hata ya kwenda kwenye ndoo ya kuuza. Hata alipooa. Bonareri alikuwa akimtania kwamba ameolewa na ndama.

Hamu ya kucheka ikaniisha. Nikatambaa mpaka barabarani. Kiatu sikukitafuta.

*

Alasiri Bonareri alinipigia simu. "Njoo. Amezidi." Maneno mawili tu, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka mahali nilipowahi kuisikia mara moja tu, na siku hiyo kulikuwa na jeneza. Nikafunga kinyozi.

Nilimkuta kwenye ngazi ya nyumba, Meneja amelala kwenye mapaja yake ndani ya kitambaa. Nyuma yake, kando ya mlango, zilikuwa gambuti za Nyakundi, viatu vyake vya mpira vya shambani, ncha zimeelekea nje, kama mwenyewe anatoka sasa hivi. Hakuna aliyethubutu kuzisogeza. Bonareri alikuwa na rangi ya majani chai kwenye vidole, nywele zimefungwa kwa kitambaa cheupe, na macho ambayo hayakuwa yamelala. Hata hivyo, Nyasae Mungu wangu anisamehe, nilimwona mzuri mpaka nikasahau kusalimia.

"Umefunga mapema," akasema.

"Wateja wote wa leo wana vipara."

Hakucheka. Alinitazama tu, kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji, na nikaona anatafuta kitu usoni kwangu cha kuegemea. Kisha akaangalia kando.

Bwana Obwocha alikuwa amechuchumaa. Alivuta ngozi ya shingo ya Meneja, akaiachilia. Ngozi ikabaki imesimama kama kunjo la shuka.

"Huyu anakauka," akasema. "Niambie tena mnampa nini."

"Wali uliopondwa na kuku asiye na mafuta, kidogo kidogo, ulivyosema," Bonareri akajibu. "Na maji yenye sukari na chumvi, kwa kijiko. Usiku naamka nampa."

"Maziwa je?"

"Ulikataza. Mkono wangu haujampa hata tone."

Obwocha akachukua kijiti, akaenda mpaka kwenye kile kilichokuwa kimetoka asubuhi, akakichokora. Akatuita. Mimi nilitazama, na sitakueleza.

"Mbwa akishaachishwa kunyonya, wengi tumbo halimudu tena maziwa ya ng'ombe," akasema. "La huyu ndilo limekataa kabisa. Na haya ni maziwa, yametoka karibu jinsi yalivyoingia. Bonareri, mimi sitafuti ugomvi, lakini kuna mtu anampa. Tena mengi. Akiacha, mbwa huyu atapona mwenyewe. Asipoacha, wiki haitaisha."

Boma lile lina watu wawili tu.

Bonareri akageuka polepole. "Mama?"

Mama Nyakundi alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mboga ya chinsaga kwenye beseni. Mkono wake ulisimama. Niliona macho yake yakienda kwa mbwa, yakaenda kwenye migomba, kule kaburini, yakarudi kwa mbwa. Niliona akili yake ikitembea kuelekea mahali ambapo haikutaka kufika. Midomo ikaanza kutetemeka. Huyu ndiye mwanamke aliyesimama mbele ya kanisa zima, na mwanawe ndani ya sanduku, akaimba mpaka ubeti wa mwisho bila kukatika sauti.

Kumbe mdomo wangu una akili yake.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Wewe nini?" Bonareri akauliza.

"Mimi ndiye nimekuwa nikimpa maziwa. Nikija asubuhi na dawa. Alikuwa ananitazama kwa yale macho, nikamhurumia. Nilidhani maziwa ni chakula cha mtoto."

"Ulikuwepo daktari alipokataza. Ulikuwa umesimama hapo hapo."

"Nilikuwepo."

"Ukasema 'sawa, daktari.' Ukaongeza na kichekesho juu."

"Kilikuwa kichekesho kizuri," nikasema, na papo hapo nikatamani kukimeza.

Bonareri akasimama. Alimkabidhi Obwocha mbwa. Ngurumo ilikuwa imeanza upande wa Nyamira, kwao alikozaliwa, na kila ilipolia bega lake liliruka kidogo. Tangu siku ile huruka hivyo, hata wakati wa kiangazi.

"Unajua siku ile walinikataza kumshika?" akasema. "Wazee walisema aliyepigwa na radi haguswi mpaka watu wakusanyike. Nilisimama kwenye mvua, Ratemo. Yeye amelala pale, mimi nimesimama hapa, mikono mitupu. Mume wangu. Sikumshika."

"Bonareri..."

"Huyu nilikuwa namshika. Ananihara mapajani, namshika. Ananuka, namshika. Nikasema, huyu hataenda na mimi nimesimama nikiangalia. Na wewe kila asubuhi ulikuwa unakuja nyuma ya mgongo wangu kumwua kwa kikombe! Kwa nini? Kwa sababu unataka kila mtu akupende. Hata mbwa. Hata mbwa, Ratemo!"

Ningeweza kusema. Neno moja tu lilitosha. Lakini nyuma ya Bonareri, Mama Nyakundi alikuwa amekumbatia lile beseni la mboga kama mtu aliyeshikilia mti kwenye mafuriko, akinitazama, na nikajua nikilisema neno hilo, wanawake hawa wawili wataamka kesho katika nyumba moja wasiweze kutazamana.

"Pole," nikasema.

"Toka."

"Nitaondoka, lakini..."

"Toka, na usiache utani wowote mlangoni kwangu."

Nikatoka. Mvua ikaanza. Nilipogeuka kwenye lango niliziona zile gambuti, ncha zikielekea kwangu. Kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba mwenyewe yumo ndani yake, amesimama, ananiangalia nikifukuzwa.

*

Sasa hesabu ya kinyozi ni hii. Mama ataweka maziwa tena, kwa sababu moyo wa mama huyo haukubali daktari. Meneja atakunywa tena. Meneja atakufa, na hata nikikubali kwamba nimemkosa Bonareri, nitakuwa nimemfanya asimame tena mikono mitupu. Kumfunga mbwa hawatamfunga, kwa kuwa mwenye kosa amekwisha kufukuzwa. Mimi.

Basi lazima kile kikombe kiwe kitupu kabla mbwa hajakifikia.

Nilifika alfajiri ya kesho yake kwa tumbo, kama nyoka. Kikombe kilikuwa pale, kimejaa, povu juu. Nilipiga magoti. Jina lake lilikuwa usawa wa macho yangu, na alama ya kidole cha Bonareri kwenye kila herufi. Nikainua kikombe, maziwa kidogo yakamwagika kwenye saruji.

"Buda, ndugu yangu," nikanong'ona, "usinichukulie vibaya. Ni kwa ajili ya mbwa."

Sipendi maziwa mabichi. Yana harufu ya chuchu ya ng'ombe na hulala tumboni kama jiwe. Niliziba pua, nikakunja uso, nikanywa yote, nikarudisha kikombe, nikatambaa. Mgongoni nilihisi macho. Sikugeuka. Wewe ungegeuka?

Siku hiyo kinyozi changu kilifunguliwa na kufungwa kama mlango wa kanisa. Tumbo la Meneja lilikuwa limehamia kwangu. Mzee Ombati alibaki kwenye kiti na nusu ya ndevu, ananisikia nikikimbia kwenda chooni nyuma ya duka, akapaza sauti: "Ratemo! Hiyo ni mimba?"

"Ni ya mbwa, mzee!" nikajibu kutoka ndani, na hajaniuliza tena kitu mpaka leo.

Alfajiri iliyofuata nilirudi. Nikainua kikombe, nikaziba pua, nikanywa. Nikaacha kunywa ghafla.

Yalikuwa yamechemshwa.

Nilijiambia ni baridi imenichanganya. Lakini utando wa maziwa ulikuwa umenata kwenye mdomo wangu. Nilitazama kaburi. Kaburi likanitazama. Nani huchemsha maziwa kaburini? Nikamaliza haraka nikakimbia wima, bila hata kutambaa.

Siku iliyofuata yalikuwa na sukari.

Hapo nilikaribia kuokoka. Nyakundi alikuwa akijua siwezi kunywa kitu bila sukari. Pale shuleni alikuwa akiniwekea yake kwenye uji, akisema kwamba mtu mwenye maneno matamu lazima ajaze tangi. Hakuna mwingine anayejua hilo, nilifikiri. Nilikaa pale nimekumbatia magoti, ukungu ukipita kati ya migomba kama watu wanaotoka mazishini, na sikuwa na kichekesho hata kimoja. Kinyozini wateja walianza kuulizana kama nimefiwa. Nilikuwa nafanya kazi kimya. Kila kivuli kwenye kioo kilikuwa na mabega ya Nyakundi. Mara moja nilimsikia kabisa akisema nyuma yangu, "Punguza pembeni," na nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu.

Lakini habari za Meneja zilikuwa zinanifikia. Obwocha alipita akaniambia, "Yule mbwa amesimama. Kinyesi kimekuwa kigumu kama cha mtu mwenye kazi ya serikali. Ulifanya vizuri kuacha." Nilifurahi mpaka nikamnyoa bure. Kisha nikakumbuka kwamba Bonareri hapokei simu yangu, na furaha ikakaa chini.

*

Ikafika asubuhi ya Sabato. Nilijua watajitayarisha kwa kanisa, kwa hiyo niliwahi zaidi. Ukungu ulikuwa mzito mpaka sikuona nyumba. Nikapapasa mpaka kwenye saruji. Nikagusa kikombe, nikaondoa mkono haraka.

Kilikuwa cha moto.

Nikainama. Mvuke ulinipiga usoni. Hayakuwa maziwa tena. Ilikuwa chai. Chai ya maziwa, rangi yake ile ya matofali, na tangawizi ndani, kama mgeni anavyowekewa akija kuzungumza jambo la maana. Na juu ya kikombe, ili isipoe, palikuwa na kisahani.

Nikaketi pale chini, mgongo ukiegemea kaburi la rafiki yangu, na nikajua mchezo umekwisha. Mtu hatengenezewi chai na marehemu halafu akaendelea kujidanganya.

"Sawa," nikasema kwa sauti. "Sawa, Nyakundi. Umeniita, nimekuja. Tuzungumze."

Migomba ikadondosha maji.

"Si kwa ajili ya mbwa. Ilianza kwa mbwa, lakini si mbwa. Nampenda Bonareri. Sikukungoja uondoke; ungekuwepo ningekuwa nakuja hapa kula chakula chako na kukutukana, na hili lisingezaliwa. Lakini hukuwepo. Yeye akawa anakaa pale kwenye ngazi, na mimi nikawa naongea upuuzi ili asisikilize mvua. Siku moja nikagundua naenda nyumbani na kuhesabu mara alizotabasamu." Nikageuka nikalitazama jina lake. "Sitaki gambuti zako. Zibaki pale mlangoni. Nitapita kando yake kila siku nikiwa kwenye viatu vyangu, kama nitakuwa navyo. Sitaki umsahau, wala yeye akusahau. Nataka tu, mvua ikinyesha, awe na mtu wa kushika. Kama hutaki, mwaga hii chai. Mwaga sasa, nitaondoka na hutaniona tena."

Nikangoja. Sijawahi kungoja kitu hivyo. Jani moja la mgomba lilitikisika, moyo wangu ukaruka, likatulia. Chai ilikaa pale, inafuka.

Nikainywa. Ilikuwa chai nzuri kuliko zote nilizowahi kunywa. Nilikuwa nalia kidogo, nakiri, ila ni kwa sababu ya tangawizi.

"Tangawizi imetosha?" ikauliza sauti.

Nilipiga yowe ambalo wanasema lilisikika mpaka sokoni. Nikaruka, nikateleza kwenye saruji ya rafiki yangu, nikatua kwa makalio.

Kwenye ukungu alikuwa amesimama Mama Nyakundi, amevaa nguo yake nyeupe ya ushemasi. Mkononi hakuwa na Biblia. Alikuwa ameshika kiatu changu. Kimeoshwa, kimepakwa rangi, kamba mpya.

"Mama... mimi... nilikuwa napita tu. Nilishikwa na kiu."

"Jana pia?"

"Jana pia kulikuwa na joto."

"Ratemo," akasema, "kwenye midomo yako kuna chai."

Nikafuta kwa mkono. Nikafuta upande usio na kitu.

Alikuja akaketi kwenye ukingo wa kaburi, polepole, kama mtu anayeketi kitandani kwa mtoto. Akaweka kiatu kati yetu.

"Hiki nilikiokota kwenye chai asubuhi ile, nikaenda kuuliza moyo wangu ni cha nani. Jioni ukasema ni wewe uliyempa mbwa maziwa, na mguuni ulikuwa na viatu ambavyo sijawahi kukuona navyo." Akaikunja leso. "Mimi najua waliolala hawanywi. Nimefundisha watoto wa watu hilo. Lakini kikombe kikirudi kitupu, nilikuwa napata kupumua mpaka jioni. Siku ile nilitambua nimekuwa nikipumua kwa tumbo la mbwa."

"Pole, mama."

"Kesho yake nilikiweka tena, nikasimama dirishani. Nikasema nione. Nikakuona unakuja kwa tumbo, unapiga magoti, unaziba pua." Kitu kikatetemeka kwenye shavu lake, sikujua ni kilio au kicheko, nadhani hata yeye hakujua. "Kile ndicho kilikuwa kikombe cha mwisho cha mwanangu. Baada ya hapo nilikuwa nakuwekea wewe. Nilichemsha kwa sababu uliondoka umeshika tumbo. Na sukari, Nyakundi aliniambia zamani, 'mama, yule rafiki yangu ni sisimizi.'"

Alinyoosha mkono, akalipangusa jina la mwanawe, ukungu ukatoka kwenye herufi.

"Sikuwa nakuchukia," akasema. "Nilikuwa naogopa nitabaki na hili jiwe peke yangu. Ukija, njoo kwa lango. Na ukimchukua, usimpeleke mahali ambapo siwezi kuwaona nikisimama hapa."

Akainuka, akatikisa gauni.

"Sasa rudia yale uliyomwambia mwanangu."

"Nirudie... kwa nani?"

Akasogea kando. Nyuma yake, kwenye ngazi, mahali ambapo ukungu ulikuwa umenificha mimi na kumficha yeye, alikuwa ameketi Bonareri na nguo yake ya kanisani. Mapajani alikuwa na Meneja, mnene, mkia mkavu unapiga piga. Macho yake yalikuwa yamelowa, na nusu moja ya mdomo ilikuwa imeanza kufunguka.

"Rudia," Mama Nyakundi akasema. "Bonareri alikuwa mbali, hakusikia vizuri."

Nikafungua mdomo. Mdomo huu huu, uliolisha Keroka nzima kwa maneno. Hakikutoka kitu. Nilisimama pale kiatu kimoja mkononi, chai mashavuni, mbele ya walio hai wawili, mbwa mmoja na rafiki yangu.

"Nilisikia yote, mama," Bonareri akasema, bila kuniondolea macho. "Lakini arudie."